Njia ya Ng'ombe Katikati ya Sukuma

“Ukipiga jembe humo ndani, Mama Robi, ng'ombe hawatarudi tena kwenye mji huu.”

“Mbona hawajarudi, Mama, na jembe halijapigwa?”

Bibi alikuwa ameketi juu ya mti wa chini kabisa wa mlango wa zizi, mguu mmoja ameunyoosha kuziba nafasi iliyobaki, kama mtu anayezuia kondoo wasitoke. Mama alisimama mbele yake, jembe begani, kanga ameifunga kiunoni kwa fundo la mtu aliyekwisha kuamua. Mimi na mdogo wangu Gati tulikuwa nyuma ya mama, kila mmoja na beseni lake, hatujui kama tuendelee kusimama pale au tukajifiche jikoni. Kabla ya asubuhi hiyo sikuwahi kumsikia mama akimjibu bibi namna ile, na baada yake sikumsikia tena.

“Unajua unamjibu nani?” bibi aliuliza.

“Najua, Mama. Namjibu mama wa mume wangu. Lakini watoto wanakula ugali kwa chumvi.”

Bibi alitazama mabeseni yetu, akatutazama na sisi, kisha akageuza uso kuelekea zizini, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ardhi nyeusi na mchicha uliojiotea wenyewe pembeni mwa uzio.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne. Kijiji chetu kiko wilaya ya Tarime, juu mlimani, mahali ambapo asubuhi unaona ukungu umelala bondeni na mapaa ya mabati ya watu wa chini yanachomoza kidogo kidogo. Nyumba yetu, au mji kama tunavyouita, ilikuwa ya watu wanne, na wote wanawake: bibi mzaa baba, mama, mimi na Gati. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi kubwa la miiba na mikonge, tupu kabisa. Kila asubuhi bibi alitoa ile miti ya mlango mmoja mmoja na kuilaza chini. Kila jioni, jua likikaribia kuzama, aliirudisha mahali pake, kisha akasimama kidogo akisikiliza. Hakukuwa na mnyama wa kuingia wala wa kutoka.

Ng'ombe wetu waliibwa msimu mmoja wa mvua. Baba na wanaume wa kijiji walifuata kwato zao hadi mvua ikazifuta njiani, wakarudi mikono mitupu na viatu vizito kwa tope. Baadaye baba akaenda machimboni. Alisema anakwenda kuwachimba ng'ombe wake ardhini. Alirudishwa kuzikwa.

Alibaki mtamba mmoja tu wa rangi ya kahawia. Siku ya wizi alikuwa bado ndama, anaumwa, na bibi alikuwa amemlaza jikoni karibu na mafiga. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kuchunga, baba mkubwa Mwita, kaka yake marehemu baba, alimchukua akamtunze kwake Kenyamonta. Kwetu mnyama wa kutunziwa hubaki mali ya mwenyewe. Akizaa, mwenyewe hupewa habari. Akifa, aliyemtunza huleta ngozi, ili mwenye mali aone kwa macho yake na moyo wake utulie. Bibi alimtaja mtamba huyo mara nyingi kuliko alivyomtaja mtu yeyote aliye hai.

Na zizi, kwa wazee wetu, si uzio tu. Wanasema zizi lina sauti ambayo sisi hatuisikii lakini ng'ombe wanaisikia. Linaweza kukaa tupu mwaka hata mwaka na bado likaita, mradi mlango wake unafungwa na kufunguliwa kama vile wenyewe wapo. Likilimwa, limekufa. Watu hulima zizi, ndiyo, na kila mtu anajua kwamba hakuna ardhi inayozaa ulezi kama hiyo, lakini hulima mahame, zizi la watu waliohama au waliokwisha. Mtu akilima zizi lake mwenyewe, naye bado analala mita chache kutoka hapo, ni kama ameutangazia ulimwengu kwamba mji wake umekuwa mahame.

Mama alizaliwa katika imani hiyo hiyo. Alichokuwa nacho zaidi ni macho ya mtu anayepika kila siku. Alikuwa ameona mchicha ule wa pembeni, majani mapana kama kiganja cha mtu mzima, bila mtu kuupanda wala kuumwagilia. Alikuwa ameona kwamba uzio upo tayari, kuku na mbuzi wa jirani hawawezi kupita, na kwamba kijito kiko karibu kiasi cha mtoto kwenda na ndoo na kurudi kabla uji haujapoa. Shamba letu lilikuwa mbali na lilitosha mahindi na mihogo tu. Mboga tulikuwa tunaomba. Leo kwa Mama Weisiko, kesho kwa mke wa mwalimu, na anayeomba mboga kila siku mwisho huanza kusalimiwa kwa ufupi.

Ugomvi wa asubuhi ile haukuisha kwa mtu kushinda. Uliisha kwa bibi kusimama, akajipangusa vumbi, akatoa masharti. Miti ya mlango isiguswe. Na njia ya ng'ombe iachwe, kutoka mlangoni hadi kwenye kisiki cha katikati ambapo babu alikuwa akimfunga ng'ombe wa kukamuliwa. Njia hiyo isipigwe jembe wala isipandwe kitu.

Mama aliuliza njia iwe na upana gani. Bibi alinyoosha mikono yake yote miwili.

“Ng'ombe mwenyewe hana upana huo, Mama.”

“Pembe ndizo zinazotaka nafasi,” bibi alisema. “Tumbo linaweza kujibana.”

Basi tukaanza. Mama alilima, mimi nilivunja madongoa, Gati aliokota miiba iliyoanguka na mara nyingi alijichoma, akalia, akaendelea. Ardhi ya zizi ilikuwa laini ajabu. Ilipanda harufu ya ng'ombe kila jembe lilipoingia, harufu nzito na ya joto, na nakumbuka mama aliacha kulima kwa muda, akaegemea mpini, akavuta hewa. Sikumuuliza alichokuwa anakumbuka. Ng'ombe wengi waliotoka humo ndio waliokwenda kwao kama mahari kumleta yeye.

Tulipanda sukuma wiki, mchicha, vitunguu na nyanya. Mbegu za nyanya mama alizitoa kwenye nyanya moja iliyooza, akazianika juu ya gazeti dirishani. Bibi hakutia mguu. Alikaa chini ya ukuta wa jiko akichambua mtama, lakini kiti chake alikuwa amekigeuza mahali ambapo aliweza kutuona vizuri.

“Bibi,” Gati alimuuliza siku moja kwa sauti kutoka ndani ya matuta, “ng'ombe wakirudi si watakula sukuma?”

“Wale,” bibi alijibu. “Ni kwao.”

Kisha miche ikaungua. Ile iliyokuwa katikati ya zizi ilianza kukauka kwenye ncha za majani, kama imepitishwa juu ya moto, na baada ya muda mfupi ikalala chini. Tuliikuta hivyo asubuhi. Gati alianza kuinua mmoja mmoja kwa vidole, anausimamisha, unaanguka tena. Mama Weisiko alipita, akachungulia juu ya uzio, akashika mdomo. Kufika mchana kijiji kilikuwa kinajua kwamba zizi la mji wetu limekataa.

Bibi hakutucheka wala hakusema “nilikwambia.” Hilo nililiona hata kwa akili yangu ya kitoto, na bado nalikumbuka kila nikisikia watu wakisema alikuwa mkali. Jioni aliirudisha miti yake mlangoni, akasimama akisikiliza, akaingia ndani.

Mama aliketi muda mrefu kati ya miche iliyokufa. Kisha akaanza kutembea kando ya uzio akiangalia miche ya pembeni, kwa sababu hiyo ilikuwa hai. Alichimba kwa mkono chini ya mche hai, akachimba chini ya mche uliokufa, akalinganisha. Pembeni samadi ilikuwa imechanganyika na udongo. Katikati, pale ng'ombe walipozoea kulala, ilikuwa samadi tupu, kali, imerundikana tangu enzi za babu. Kesho yake alitupeleka kwenye mteremko nyuma ya kanisa, tukachota udongo mwekundu kwa mabeseni, tukaumwaga zizini na kuuchanganya. Tulibeba hadi shingo zikakataa kugeuka. Shuleni wenzangu walianza kutuita watoto wa zizini, na nilipomwambia mama aliniambia niwajibu kwamba hata Yesu alilazwa humo.

Miche ya pili haikuungua. Ilipanda kwa kasi ambayo sijaiona tena mahali pengine. Tulianza kula sukuma iliyokaangwa kwa kitunguu chetu wenyewe, na siku ya kwanza bibi alipewa sahani yake akaitazama, akamega tonge, akala mpaka akaikomba sahani. Mama Weisiko, ambaye zamani ndiye aliyetupa mboga, sasa alikuja na ungo. “Naomba mboga za ng'ombe,” alikuwa akisema, na mama alicheka akamchumia. Ukisimama juu ya jiwe la kuanikia dagaa uliiona bustani yote, kijani kimejaa kila upande, na katikati mstari mtupu mweusi, upana wa pembe, unatoka mlangoni na kuishia kwenye kisiki. Wageni waliuliza ni kwa nini tumepoteza ardhi nzuri hivyo. Mama alikuwa akijibu kwamba haijapotea, ina mwenyewe.

Baba mkubwa alikuja wakati nyanya zinaanza kuiva. Alishuka kwenye bodaboda na koti lake la mvua ingawa jua lilikuwa kali, tukamsalimia shikamoo, akakaribishwa ugali. Alikula sukuma yetu, akaongezewa, akaomba iongezwe tena, akaisifu. Aliponawa mikono ndipo aliposema kwamba mtamba amekufa.

Bibi alivuta kitenge chake juu ya kichwa. Mama aliuliza ni ugonjwa gani.

“Mmelima zizi,” baba mkubwa alisema, “halafu mnaniuliza mimi ugonjwa?”

Nakumbuka mikono ya mama ilivyokuwa inakusanya sahani polepole, moja juu ya nyingine, kwa uangalifu kama zinavunjika, na zilikuwa za bati. Kisha akauliza, huku macho yake yakiwa kwenye sahani:

“Na ngozi, shemeji?”

“Fisi,” baba mkubwa alisema. “Kule kwetu fisi hawabakishi.”

Aliondoka na kifungu cha sukuma amekifunga nyuma ya bodaboda.

Onyo la bibi lilikuwa limetimia, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kijiji kizima kilisema hivyo. Ng'ombe wa mwisho wa mji ule, aliyeokoka wizi kwa kulala jikoni, alikufa mbali bila kuugua, katika msimu ule ule mama yangu alipopiga jembe zizini. Nilishindwa kula mboga. Kila jani la sukuma nililiona kama sikio la mtamba. Mama hakunilazimisha, lakini aliendelea kumwagilia, na kila akipita njiani kwa ndoo alikanyaga pembeni, juu ya tuta, asiikanyage njia ya ng'ombe. Nadhani naye aliogopa. Mtu anaweza kuogopa na bado akamwagilia.

Siku moja nilikuwa nalia nyuma ya jiko, Mama Weisiko akanikuta. Alinipangusa uso kwa upande wa kanga yake akaniambia nisilie, kwa maana ng'ombe wa mji huu bado wapo, tena wawili, wanacheza mchangani kila siku. Alicheka kwa wema kabisa. Mimi niligeuka kutafuta hao ng'ombe, nikamwona Gati amechuchumaa anachora kwa kijiti.

Nililichukua neno hilo hadi jioni. Bibi alipokuwa anarudisha miti ya mlango nilienda kumsaidia kuinua mti wa chini, nikamuuliza kama anaamini kweli kwamba wale ng'ombe walioibwa watarudi.

Hakukasirika. Alisema wale walikwenda na mvua, hawatarudi, anajua. Hawafungii wale.

“Sasa unawafungia nani, Bibi?”

“Watakaokuja.”

“Watatoka wapi?”

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, si kwa ubaya, kama mtu anavyotazama mahindi yake akikadiria mvua.

“Kula ukue,” alisema.

Usiku huo nilikula sukuma. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa. Lakini tangu siku hiyo ile njia tupu katikati ya bustani haikuwa tena ya ng'ombe niliowajua. Ilikuwa inanisubiri mimi, na nilipokuwa napita na ndoo ya maji nilikuwa naipima kwa macho, jinsi ilivyo pana, jinsi nafasi ya pembe ilivyoachwa vizuri.

Sasa nimekaribia kumaliza miaka yangu ya usichana, na nimejaribu mara nyingi kumchukia bibi kwa jibu lile. Siwezi. Yeye mwenyewe aliletwa hapa na ng'ombe. Ng'ombe wa binti yake, shangazi yangu ambaye sasa ni marehemu, waliingia kwa mlango ule ule, wakakaa kidogo, wakatoka tena kwenda kumleta mama yangu. Kwa bibi zizi lilikuwa kama moyo, kitu cha kuingiza na kutoa. Hakuwa anaona kwamba ananiuza. Aliona kwamba ananiwekea mahali katika mji.

Bustani iliendelea kutulisha. Nilimaliza darasa la saba, nikaingia sekondari, nikawa natembea asubuhi na mapema kabla ya umande kukauka. Nilipenda Kiswahili na Biolojia. Kisha, nikiwa kidato cha pili, mama akaanguka na ndoo kijitoni, akaumia mgongo. Hakuweza kuinama wala kuketi kwa muda mrefu. Nilikaa nyumbani kwanza kwa wiki chache, kumsaidia, kisha hadi muhula uishe, kisha siku moja nikagundua kwamba sare yangu anavaa Gati. Hakuna aliyeniambia niache shule. Iliachika. Siandiki haya ili nihurumiwe, naandika kwa sababu msichana aliye shuleni ana jina moja na msichana aliye nyumbani ana jina lingine, na watu walianza kunitazama kwa lile la pili.

Kazi ya bustani ikawa yangu, na hapo ndipo bibi alipoingia. Mara ya kwanza alikuja kunielekeza tu, akitembea katikati ya njia ya ng'ombe, mkongojo wake mbele, bila kugusa tuta. Alisimama kwenye kisiki akanyoosha mkongojo: pale pamekauka, pale kuna viwavi, yale majani ya chini yachume kabla hayajawa magumu. Baadaye akaanza kuinama mwenyewe. Msimu wa mvua mgagani ukajiotea njiani, pale pale palipokatazwa, na mimi nikaanza kuung'oa ili nitii masharti.

“Acha,” bibi alisema.

“Si ulisema njia isipandwe?”

“Nani kaupanda?”

Tuliuchuma, akaupika kwa maziwa ya kununua, akampelekea mama kitandani na kumlisha kwa mkono wake. Nikiwa nimesimama mlangoni niliwasikia wakicheka kitu. Sikukijua. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia wakicheka pamoja bila mtu wa tatu kuwachekesha.

Ujumbe wa baba mkubwa ulikuja kwa simu ya Mama Weisiko. Alisema amepata wageni, watu wazito, wenye mifugo, na kijana wao amewahi kuniona sokoni Tarime nikiuza nyanya. Atakuja nao. Zizi litengenezwe, matuta yaondolewe, kwa sababu watu hao hawawezi kuonyeshwa kabichi mahali pa ng'ombe. Hatukuwa na kabichi. Mama aligeukia ukutani. Yeye ni mke tu katika ukoo huo, na mume wake yuko chini ya ardhi. Alinishika mkono bila kugeuka akaniambia atasema hapana, na wote wawili tulijua kwamba hapana yake haitafika hata uani.

Bibi aliusikia ujumbe wote. Alimwuliza Mama Weisiko kama simu ile inakula pesa nyingi, akaendelea kuchambua mtama.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi ya siku ya wageni niliamka nikaona mlango wa zizi uko wazi, na miti yake haipo chini kama kawaida. Nilijua amefungua, na safari hii kuna wa kuingia. Nilizunguka uzio nikamkuta katikati ya nyanya, amepiga magoti, kitenge kimejaa tope. Alikuwa amepasua miti ile kwa shoka, vipande virefu vyembamba, na alikuwa anavichomeka ardhini kimoja kimoja kando ya mashina na kufunga nyanya kwa kamba za mkonge. Mti wa chini kabisa, ule aliokuwa ameukalia siku ya ugomvi na mama, ulikuwa tayari umebeba shina zito kuliko yote.

“Zilikuwa zinalala chini,” alisema. “Nyanya ikilala chini inaoza. Kalete maji.”

Nilikwenda kijitoni. Niliporudi alikuwa ameshika jembe, na njia ya ng'ombe ilikuwa imepigwa hadi karibu na kisiki. Nilimaliza sehemu iliyobaki.

Watu wakiniuliza kama naamini mambo ya wazee, sina jibu fupi. Bibi alisema zizi likilimwa ng'ombe hawatarudi, na hawakurudi, hata mmoja, hadi leo. Onyo lake lilitimia lote. Sijui kama mtamba alikufa au aliuzwa, au kama ni jembe la mama lililomuua. Ninachojua ni kwamba bibi aliamini, na hakuacha kuamini. Kama angekuwa ameacha, kupiga jembe lile kusingekuwa na uzito wowote, lingekuwa jembe tu. Alilipiga akijua, kwa imani yake yote, ni mlango gani anaufunga, na aliufunga akiwa upande wangu. Mimi sijarudi shule. Nina bustani, nina mama anayeweza sasa kukaa kwenye kiti na kuchambua mboga, nina Gati aliyeko kidato cha tatu. Kuna siku nafikiri ni kidogo. Kuna siku nasimama juu ya lile jiwe la dagaa, natazama kijani kisicho na njia katikati, na sioni kidogo.

Siku ile wageni walifika mchana. Nilikuwa ndani, nyuma ya bibi, nimeshika sinia la chai ambalo hakuna aliyeniagiza nilipeleke. Bibi alisimama mlangoni pa nyumba, mkongojo mkononi, na mlango wetu ni mwembamba, aliujaza wote. Baba mkubwa alikuwa uani na wazee wawili wenye kofia. Waliamkiana vizuri. Kisha baba mkubwa akaangalia nyuma ya nyumba, akaona, akamwuliza mama yake kwa sauti ya chini amefanya nini, na ng'ombe wa watu watawekwa wapi.

Bibi alisema hapa hawana pa kuwekwa, zizi tumelilima.

Wale wazee walitazamana. Baba mkubwa alicheka kidogo, akasema hilo si tatizo, zizi lake la Kenyamonta lina nafasi, watafikia kule.

Bibi aliuhamisha mkongojo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

“Zizi lako nililipelekea mtamba, Mwita, na hata ngozi sikuletewa. Mjukuu sipeleki.”